Tasnifu ya usalama isianze na neno "usalama"

Mpe mwanafunzi wa uzamili wa usalama na maendeleo hapa Dar karatasi tupu aandike mada ya tasnifu, na mara nyingi utarudishiwa "Ugaidi na maendeleo Afrika Mashariki". Mada imejaa mdomo, lakini ushahidi wake uko wapi? Nyaraka za operesheni zimepigwa muhuri wa siri, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haichezi na mtu anayekutwa nazo bila ruhusa. Kinachobaki ni magazeti na ripoti ambazo zimenukuliana mpaka hujui nani alianza kusema.

Mimi naona kazi ianze upande wa pili. Tafuta kwanza ushahidi unaoweza kuufikia kwa nauli ya daladala, mada itakuja yenyewe. Na ushahidi huo umejaa zaidi kwenye ile nusu ya "maendeleo" ambayo wengi huiweka sura ya mwisho, kama pambo.

Chukua Panya Road, yale makundi ya vijana wanaopora watu mitaani hapa Dar. Januari 2015 uvumi tu kwamba vijana hao wanakuja ulitosha kufungisha maduka na kukimbiza watu mitaani. 2022 jina hilo likarudi kwenye habari. Mtafiti mgeni wa mambo atakwenda kituoni kuomba takwimu za uhalifu, na huko ataambiwa aje kesho mpaka muhula uishe. Wakati huohuo, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa huenda kuna daftari la ulinzi shirikishi: kaya zipi zimechanga, walinzi wangapi walitoka usiku gani, nani aliacha kulipa na kuanzia mwezi upi. Linganisha mitaa miwili, mmoja wenye taa za barabarani na mwingine wa giza, miezi 12 kila mmoja. Hapo una tasnifu. Daftari likikosekana, uliza hela zinakusanywaje bila daftari. Hilo nalo ni sura nzima.

Anayetaka kutoka nje ya jiji ana Mtwara ya 2013, watu walipopinga bomba la kuleta gesi Dar. Hansard za Bunge za mwaka ule, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, zinasomeka bila kumwomba mtu, na ndani yake serikali na wapinzani wanabishana waziwazi gesi ni ya nani.

Halafu hojaji. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Usimuulize mtu wa Mbagala "Hali ya usalama hapa ikoje?" Neno hilo kitaani lina wenyewe, wale maofisa wa Usalama wa Taifa. Ukilitamka tu, atakutazama viatu, atakujibu "Tunamshukuru Mungu, amani ipo," na mahojiano yamekwisha hata kama mtakaa saa nzima. Muulize mwanawe akitoka tuisheni jioni anapita njia gani, na kwa nini haipiti ile ya mkato. Duka la pale kona linafungwa saa ngapi, na mwaka juzi lilikuwa linafungwa saa ngapi? Ukivunjiwa usiku unamgongea nani kwanza: mjumbe, mwenyekiti, au unameza? "Maendeleo" nayo ina mtego wake, maana wengine wakiisikia tu wanajua unakuja mchango.

Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iligawa usalama wa binadamu katika maeneo saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu binafsi, jamii na siasa. Wanafunzi huyaorodhesha yote saba na kujaribu kuyapima yote. Chagua moja. Mawili, kama msimamizi wako ni mvumilivu.

Ukitumia takwimu za mtandaoni, soma kwanza kanuni za kuhesabu. Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, chenye kanzidata ya migogoro ya silaha, huhesabu mgogoro pale tu vifo vya mapigano vinapofika 25 kwa mwaka na wahusika wanapojulikana kwa jina. ACLED, mradi wa kimataifa unaorekodi matukio ya ghasia, huandika tukio hata kama hakufa mtu, na hata kama waliofanya hawajulikani. Mauaji ya Kibiti, mkoani Pwani, ya 2017, ambayo wahusika wake hawakujitangaza, hayawezi kutoka sawa kwenye vyanzo hivyo viwili. Anayechanganya vyote kwenye grafu moja anapima tofauti ya kanuni akidhani anapima hatari.

Kuhusu vibali: mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa kwa kawaida hupewa barua na chuo chake. Barua hiyo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na manispaa, kisha kwa mtendaji wa kata na mtaa. Kila ofisi inabaki na nakala, kwa hiyo usitoke nyumbani na kopi moja. Kosa la kawaida ni kutaja wilaya moja tu kwenye maombi. Barua ya Temeke haikufikishi Gongo la Mboto, kule ni Ilala, na kuanza mzunguko upya kunaweza kula mwezi.

Mwisho, hesabu muda wa kunakili sauti. Mahojiano ya saa moja hula saa nne hadi sita za kuandika; mahojiano 20 ni saa 80 hadi 120, kabla hujachambua chochote. Wengi huyatafsiri yote kwa Kiingereza papo hapo ili kuokoa muda. Matokeo yake "usalama", neno moja kwetu ambalo Kiingereza kinaligawa mara mbili ("security" na "safety"), linakwenda upande ambao mtafsiri alikuwa nao siku hiyo, na hofu ya mama kuvuka barabara ya mwendokasi inaishia safu moja na majambazi. Nakili kwa Kiswahili, chambua kwa Kiswahili, tafsiri zile sentensi tu utakazonukuu.