K2-18b: wenye shaka nao wasikilizwe

Mwezi wa nne 2025 timu ya Nikku Madhusudhan wa Cambridge ilisema darubini ya James Webb imeona dalili za gesi ya DMS (dimethili salfaidi) au ndugu yake DMDS kwenye hewa ya K2-18b, sayari iliyo umbali wa miaka ya nuru 124, na huku kwetu duniani DMS inatolewa zaidi na vijimea vidogo vya baharini. Habari ikasambaa kama moto, uhai umepatikana, na waliosema subirini kwanza wakaonekana wana wivu tu. Mi naona hao ndo hawajaeleweka.

Timu nayo ina haki yake. Sayari yenyewe inavutia kweli, uzito wake kama mara 8.6 ya dunia, mwaka wake siku 33, inapokea joto karibu sawa na tunalopata sisi kwa jua, na 2023 Webb hiyohiyo ilikuta methani na kaboni dayoksaidi humo. Wao wenyewe walisema wanahitaji masaa 16 mpaka 24 mengine ya kuiangalia.

Shida ni ile 0.3% timu waliyoitaja kwenye tangazo lao. Watu waliisoma kwamba uwezekano wa kukosea ni 0.3% tu, basi 99.7% kuna viumbe. Hapana jamani! Inachosema ni kwamba kama gesi hizo hazipo, chenga za data peke yake zingeweza kuleta alama kama ile mara 3 hivi katika 1000, basi, haisemi nani kaitoa gesi, na tena inategemea umelinganisha na nini, maana ukijaribisha molekuli nyingi kwenye data yenye chenga hukosi moja itakayokaa vizuri. Jake Taylor wa Oxford aliichukua data ileile akakuta hata mstari ulionyooka tu, yaani bila alama ya gesi yoyote, unaielezea. Na hata DMS ikithibitika, imeshaonekana kwenye nyotamkia 67P, barafu tupu isiyo na kiumbe.

Alafu sayari hii ilishatuponza, 2019 ikatangazwa ina mvuke wa maji kwa data ya darubini ya Hubble, Webb ilipokuja ikaonekana alama ile ilikuwa ya methani. Ndo maana wenye shaka wanadai sigma 5, yaani uwezekano wa alama kuja kwa bahati tu uwe chini ya mara moja katika milioni, na hawamkatazi mtu kutafuta, wanataka masaa hayo ya Webb yatumike kwanza, alafu timu nyingine zisizohusika zichambue data hiyohiyo kivyao.