Nairobi hadi New York: moja kwa moja au kupitia Ulaya?

Tangu Kenya Airways ianze kuruka moja kwa moja hadi New York, Oktoba 28, 2018, ubishi wa sebuleni haujaisha: umkatie mzee tiketi hiyo, au apitie London au Dubai iwapo nauli ya huko ni nafuu?

Kilomita peke yake haziamui. Vuta uzi kwenye tufe, siyo kwenye ramani ya ukutani, uone unavyokatiza Sudan Kusini, Chad, Algeria na Moroko kabla ya kuingia Atlantiki: takriban kilomita 11,800. Kupitia London ni kama 12,400, ziada ambayo ndege huimaliza kabla ya saa moja kutimia. Dubai ndiyo mzunguko wa kweli, zaidi ya 14,500. Ni kama kutoka Nakuru kwenda Kisumu ukaanzia Nairobi.

Tukija kwenye saa, kwa ndege ya moja kwa moja kwenda ni kama 15 na kurudi 14, maana ukielekea Marekani unakutana na upepo wa mbisho juu ya Atlantiki, na ukirudi upepo huohuo unakusukuma. Kupitia London utakaa hewani kama saa 17. Kinachokula siku ni kungoja katikati: saa tatu ukibahatika, tisa usipobahatika.

Shangazi yangu hakubahatika. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza. Aliketi mbele ya lango lililoandikwa kwenye karatasi yake, mkoba mapajani, kumbe lango lilishabadilishwa na tangazo likapita kwa Kiingereza cha mbio. Ndege ikamwacha. Kwa msafiri wa namna yake mimi sina mjadala, alipiwe ya moja kwa moja.

Ila wanaoilalamikia bei wasidhani ni tamaa tupu. Uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hazipati nguvu kamili na mabawa yanadai kasi kubwa zaidi ndipo ndege inyanyuke. Ndege ya moja kwa moja, Dreamliner yenye viti 234, inabeba mafuta ya safari nzima, na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia. Uzito ukizidi bado, kitakachopunguzwa ni abiria au mizigo, na pengo hilo lazima lizibwe na nauli. Anayepitia London hubadili ndege njiani, na kila ndege hubeba mafuta ya kipande chake tu.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye masanduku mawili na pesa kidogo mfukoni ningemwambia apitie Ulaya bila kuona haya. Ahakikishe tu vipande vyote viwili vimekatwa kama safari moja. Akinunua kila kimoja kivyake, cha kwanza kikichelewa, ndege ya pili haimngoji, na kiti kipya atakilipia mwenyewe.