Mzee Kipara Hapatikani

Naomba niandike mwenyewe yaliyonipata kwenye mkutano mkuu wa Saccos yetu, chama cha akiba na mikopo, kabla toleo la swahiba wangu halijafika kwa mama mkwe. Najua mmeshalisikia: ile sauti ya kwenye grupu, anacheka hadi anakohoa, anasema nilizimia, nikamwagiwa maji, na wanachama wakafunga mlango wa ukumbi mpaka nirudishe pesa. Sikuzimia. Nilikaa chini kwa hiari yangu. Maji nilikunywa, sikumwagiwa. Suala la mlango tutalizungumza.

Kwa wageni: mimi ndiye "kijana wa mfumo" wa Saccos ya mtaani kwetu. Mfumo wenyewe niliuandika kwa lugha ya programu ya Java: servleti, yaani vipande vya programu vinavyojibu maombi ndani ya seva, pamoja na kurasa za wavuti za JSP, enzi ambazo hata mimi nilikuwa na nywele. Na mwenyekiti wetu ni mzee wa watu, anaheshimika, ila ana tabia ya kubadilisha mawazo. Ripoti yake ya mwaka leo anataka gawio litangulie, kesho zitangulie hisa, keshokutwa anauliza kwa nini gawio halipo juu. Usiku mmoja, hasira zimenipanda, ile servleti, au klasi kama tunavyoita kipande cha msimbo, inayotengeneza ripoti hiyo nikaiita MzeeKipara. Nikajiambia nitaibadilisha jina asubuhi.

Wanaoandika programu wanajua hiyo asubuhi haijawahi kufika.

Na nani angeona? Kwenye web.xml, faili la mipangilio ya mfumo, niliielekeza kwenye anwani ya /ripoti-ya-mwenyekiti. Mwanachama anabonyeza jina la heshima, ripoti inafunguka, na Mzee Kipara amejificha ndani ya seva anachapa kazi. Mwaka baada ya mwaka. Sikuwahi kusikia malalamiko.

Sasa, usiku wa kuamkia mkutano mkuu, mtu mwenye akili timamu analala. Mimi nikaamua kuiboresha seva. Tomcat, programu ya seva inayoendesha mfumo, ilikuwa ya 9, nikaona kuna ya 10, na hesabu yangu ya darasa la kwanza ikaniambia 10 ni kubwa kuliko 9. Nikapakua, nikahamishia mfumo, nikafungua ukurasa wa kwanza kwa simu. Ukafunguka! Nikalala na tabasamu.

(Msinitumie ujumbe. Najua. Ukurasa ule ni JSP, na JSP hutafsiriwa upya palepale na Tomcat iliyopo, ndiyo maana haukulalamika. Servleti ndizo nilizokuwa nimezitafsiri mwenyewe zamani, na Tomcat huwa haizipakii mpaka mtu azihitaji, labda uiambie vinginevyo. Kwa hiyo bomu lilikuwa limelala na mimi.)

Asubuhi nafika ukumbini mapema, nabonyeza ripoti ya mwenyekiti ili nijipongeze. Kosa namba 500, la seva. Kule chini: NoClassDefFoundError, javax/servlet/http/HttpServlet, yaani kuna klasi haikupatikana. Watu bado wanapanga viti. Mimi, fundi, nikasema aah, kuna jar, kifurushi cha klasi, imekosekana. Nikaichimbua servlet-api.jar ya zamani kwenye laptopu, nikaitupia ndani ya WEB-INF/lib, folda ya vifurushi vya mfumo, nikawasha Tomcat upya. Kabla sijajaribu, mshereheshaji akachomoa waya wa projekta kwangu akaonyesha picha za ziara ya mafunzo. Akang'ang'ania hapo mpaka ajenda ya ripoti.

Naomba hapa twende polepole, maana hapa ndipo swahiba wangu anaponisingizia.

Ukumbi umejaa. Mbele kabisa kina mama wa soko, nyuma yao walimu wastaafu, pembeni afisa ushirika na daftari lake. Mwenyekiti amesimama, suti ya kijivu, mkono mmoja mfukoni, taa ya ukumbi inamulika kichwa chake kama vile amelipiwa. Anasema, "Sasa kijana wetu atatufungulia ripoti, mwone uwazi tulionao." Neno uwazi alilivuta.

Nabonyeza.

Ukuta mzima unageuka mweupe wenye mistari ya bluu. Mnaojua Tomcat mnaujua ukurasa ule. Maandishi ya projekta yalikuwa makubwa kiasi kwamba hata wa nyuma waliovua miwani walisoma. Ujumbe wa juu: Class [mfumo.ripoti.MzeeKipara] is not a Servlet. Chini yake mlolongo wa mistari, halafu ule wa mwisho, mrefu, ambapo mfumo.ripoti.MzeeKipara anatajwa tena, na mbele yake jakarta.servlet.Servlet.

Kimya.

Katika ukuta ule mzima wa Kiingereza, wanachama walielewa vitu viwili tu. Mzee Kipara. Na Jakarta.

Mama mmoja wa soko, ambaye mkopo wake wa pili niliuingiza mimi mwenyewe kwa mikono hii, akageuka kwa jirani yake, na sauti yake haikuhitaji maikrofoni: "Jakarta si Indonesia hiyo?" Mwalimu mstaafu wa jiografia akathibitisha. Tena akasimama kuthibitisha. Akasema ni kisiwa cha Java. Kutoka nyuma mtu akadakia, "Na mfumo wenyewe si walituambia umetengenezwa kwa Java?" Nikaona vichwa vinatikisika taratibu, ushahidi unajipanga. Akiba zetu. Kipara. Indonesia.

Mwenyekiti hakuwa amegeuka bado. Alikuwa anatutazama sisi, anatabasamu, anasubiri makofi. Kisha akaona macho ya watu yanatoka ukutani yanakuja kwenye kichwa chake, yanarudi ukutani, yanakuja tena kichwani. Akageuka. Akasoma. Nilimwona akisoma kwa midomo, silabi moja moja: m-fu-mo, ri-po-ti, M-ze-e... Akafika mwisho wa jina. Mkono uliokuwa mfukoni ukatoka, ukapanda wenyewe, ukapapasa utosi.

Na mimi nikafanya jambo ambalo kila fundi hulifanya akiona kosa mbele za watu. Nikabonyeza F5, ukurasa ufunguke upya.

Jamani. Sikilizeni. Servleti ikishindwa kupakiwa kwa namna ile, Tomcat haiulizwi mara ya pili. Inaifungia. Ukiiita tena haikupi kosa lilelile, inakupa kosa namba 404. Ukuta ukafutika, ukaja upya, safi, mfupi, herufi kubwa:

Servlet [MzeeKipara] is not available.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekaa dirishani akaisoma kwa sauti ya yule dada wa mtandao wa simu: "Mzee Kipara hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Ukumbi ulivunjika. Kuna bibi alishuka kwenye kiti. Afisa ushirika alijifunika uso kwa daftari, daftari likawa linatetemeka. Na katikati ya kelele zile, mwenyekiti, kwa uchungu kabisa, akasema kwenye maikrofoni: "Mimi nipo!"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwa hiari.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikaipiga chini Tomcat 10, nikarudisha ya 9, nikaitoa ile jar yangu ya kishujaa, ripoti ikafunguka, hesabu zote zipo, hakuna hata shilingi iliyopanda ndege. Mlango ulifungwa, ni kweli, ila ulifungwa na upepo.

Wenzangu wa kazi mliouliza kulikoni, ni hivi. Oracle, wenye Java, walipoikabidhi Java EE, ile sehemu ya Java yenye servleti, kwa shirika la Eclipse Foundation mwaka 2017, walitoa shamba, hati ya jina wakabaki nayo. Eclipse hawakuruhusiwa kubadilisha kitu chochote chini ya jina la javax. Basi Jakarta EE 9 (Jakarta EE ndilo jina jipya la Java EE), iliyotoka 2020, ikabadilisha majina yote: javax.servlet ikawa jakarta.servlet. Tomcat 9 inaijua ya kwanza, Tomcat 10 inaijua ya pili peke yake. Nilipoitupia ile jar, kipakiaji cha klasi cha mfumo wangu kiliikuta ndani ya WEB-INF/lib, kikaridhika, kikampakia Mzee Kipara bila tatizo. Ila yule aliyepakiwa amerithi javax, na Tomcat ilikuwa inadai mtu wa jakarta. Kwa hiyo jar yangu haikutibu kosa. Ililibadilisha kutoka kosa ambalo hakuna mwanachama angelielewa, likawa kosa ambalo kila mwanachama alilielewa.

Na dawa ilikuwepo siku zote. Kwenye Tomcat 10 unatengeneza folda inayoitwa webapps-javaee, unaweka WAR yako ya zamani, kifurushi cha mfumo mzima, humo, nayo Tomcat inaigeuza yenyewe, majina yote, na kuipeleka kwenye webapps. Folda tu! Nimesoma hilo jioni, nimelala kifudifudi kitandani, sijala. Halafu mbona hamkuniambia kwamba makosa haya yanaweza kufichwa, watumiaji wasiyaone? Kuna mpangilio wa kuzima ripoti za makosa kwenye ErrorReportValve, showReport uwe false, basi, ukuta unabaki na namba ya kosa bila maelezo yake. Hilo nalo nimelijua jioni hiyohiyo.

Klasi sasa inaitwa RipotiYaMwenyekiti. Nilimwendea mzee nyumbani, shikamoo ya kuinama hadi kiunoni, nikaanza kueleza kwamba jina lile lilikuwa la muda. Akanikatiza. "Kijana," akasema, "la kipara naliona kila siku kwenye kioo. Niambie la Jakarta."

Kwa sababu katibu aliandika. Ipo kwenye muhtasari, ajenda ya ripoti: "Wajumbe walitaka maelezo kuhusu Jakarta." Nimembembeleza aifute, amekataa katakata, anasema kilichosemwa mkutanoni kimesemwa. Kwa hiyo mkutano ujao, kwenye yatokanayo, nasimama mimi. Nimepewa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na afisa ushirika ametaka nakala yake mapema. Mwalimu wa jiografia ameshajitolea kuleta ramani.