Bakteria wa Elmenteita Wasiishie Ughaibuni

Mwaka 2010 Romano Mwirichia na wenzake, akiwemo Hamadi Boga ambaye baadaye alikuwa katibu katika Wizara ya Kilimo, walichapisha uchunguzi wao kuhusu bakteria wa Ziwa Elmenteita katika jarida la Extremophiles. Waliotesha bakteria hao maabarani, wakawatambua kwa kusoma jeni zao. Ni kazi ya kujivunia, lakini hapa Nakuru wanaoijua ni wachache mno. Muulize mtu wa Gilgil kuhusu ziwa hilo, atakutajia heroe na watalii, pengine na hadhi ya Urithi wa Dunia ambayo Elmenteita, Nakuru na Bogoria yalipewa mwaka 2011.

Mimi naona utajiri mkubwa zaidi umo ndani ya maji yenyewe. Kipimo chake cha pH, yaani cha asidi na alkali, kinakaribia 10, ukali ambao samaki wengi hawauwezi, ilhali bakteria wamejaa tele. Kinacholeta ukali huo ni kaboneti ya sodiamu, magadi yale yale ambayo mama zetu hutia kwenye maharagwe na mrenda.

Na hapo ndipo kemia inapotupeleka mbali. Uhai wowote tunaoujua unahitaji fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Bila hiyo hakuna DNA. Katika maziwa ya kawaida kalsiamu huikamata fosfeti na kuizika kwenye tope. Katika maziwa ya magadi, kaboneti huiwahi kalsiamu, na fosfeti ikabaki majini. Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza hivyo mwaka 2019, na kati ya maziwa waliyoyatazama limo Ziwa Magadi la kwetu. Hoja yao ni kwamba huenda uhai ulianzia kwenye maji ya namna hii. Kisha mwaka 2023 Frank Postberg na timu yake wakatangaza kwamba chembe za barafu zinazotoka Enceladus, mwezi mmojawapo wa sayari ya Zohali, zina fosfeti. Vipimo vilikuwa vya chombo cha angani cha Cassini. Chini ya barafu ya mwezi huo mna bahari yenye magadi! Kwa hiyo mtu anayesoma bakteria wa Elmenteita anasoma pia kemia, na anasoma sayari. Mtoto wa Naivasha au Njoro anastahili kuambiwa hivyo shuleni, mapema.

Kinachoniuma ni kwamba mnyororo huu, wa kutoka ziwani hadi kwenye maarifa na faida, hukatikia kwetu. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilidai sehemu ya faida ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia, ambavyo kampuni ya Genencor ya Marekani ilivipata kutokana na vijidudu vya maziwa yetu ya magadi, vikatumika kwenye sabuni na kufifisha rangi ya jinzi. Kampuni ilishikilia kwamba taratibu zilifuatwa. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Kanuni za mwaka 2006 za kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki zipo, na ni nzuri, ila kanuni haioteshi bakteria. Inahitajika benki ya vijidudu, yenye majokofu ya baridi kali na umeme usiokatika. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, ndani ya kaunti hii hii. Kwa nini isijengwe hapo?

Tena muda unatupita. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakameza lango kuu la mbuga na kuwahamisha watu wa Mwariki. Maji yakiongezeka, chumvi hupungua makali, na viumbe waliozoea ukali huo hupungua nao. Heroe wakihama tunawaona. Bakteria wakitoweka kabla ya kuhifadhiwa, hatutajua hata tulichopoteza.

Vyuo vyetu humpima mwanasayansi kwa idadi ya makala alizochapisha. Makala ni muhimu, sipingi, lakini na tuulize pia ameacha nini hapa: bakteria hai wangapi, wanafunzi wangapi wanaoweza kuendelea bila kusubiri tikiti ya ndege. Ningependa masharti ya kibali cha utafiti yaanzie hapo. Kila anayechukua sampuli Elmenteita au Nakuru, awe Mkenya au mgeni, aache sehemu yake katika maabara ya humu nchini, kisha arudi Gilgil awaeleze wenyeji kwa Kiswahili alichokipata.