Suti ya Mjomba

Hivi nani aliwaambia watu kwamba rubani akiitwa kupimwa afya kabla ya ajira avae suti? Kwetu ni mjomba. Mjomba ndege anaziona zikipita juu tu, lakini siku kampuni moja ya vindege vya Zanzibar na Mafia iliponipigia simu, alinitolea suti yake ya harusi. "Usinitie aibu, baba. Watu wa ndege ni watu wa kupendeza."

Nikaivaa. Saa kumi na mbili asubuhi nimo kwenye daladala la Mbagala, nimesimama chini ya kwapa la mtu, tumbo tupu tangu jana usiku maana niliambiwa nije bila kula, na suti inachemka.

Halafu cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa biashara, ninacho! Nina miaka 27, chini ya 40 cheti kinakaa mwaka mzima, na changu bado kina miezi saba. Lakini mwajiri ni kama mnunuzi wa mbuzi mnadani Pugu: karatasi ya bwana mifugo anaiona, na bado lazima amfunue mnyama mdomo ahesabu meno mwenyewe.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Vua."

Hata tai hajaitazama! Hapo ndipo nilipokumbuka nilichovaa ndani. Jamani. Singlendi yangu ungeweza kuchekechea unga. Nikasema afadhali miguu imefichika, nesi akasema, "Na soksi, kaka." Kumbe kipimo cha umeme wa moyo kina waya kumi, sita za kifuani na nne za mikononi na miguuni. Nikavua kiatu, kidole gumba kikawa kimeshatangulia nje kusalimia. Nesi akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Presha ikaja 148 kwa 92. "Una wasiwasi?" daktari anauliza. Unamuuliza mtu aliyesimama na chupi mbele ya dada wa watu kama ana wasiwasi! Nikaambiwa nikae nitulie, baada ya dakika kumi ikashuka yenyewe.

Sasa mkojo. Kosa langu: nilipofika tu, kabla ya kuitwa, nilikwenda chooni nikamaliza kila kitu. Mwenzangu ukienda, bana mkojo. Mimi nikapewa kikopo, nikasimama nacho kama ombaomba. Nikanywa maji glasi nne. Nikafungua bomba lichuruzike, labda litanishawishi. Nesi yuko nje ya mlango, maana hawatafuti sukari tu, wanatafuta na bangi, na kila dakika mbili: "Bado, kaka?" Ukiulizwa hivyo hata kile kilichokuwa njiani kinarudi.

Kwenye macho nilijiona bingwa. Miwani wanakubali, mradi uwe na ya akiba, na mimi ninayo, imefungwa uzi lakini ni miwani. Kikaja kile kitabu cha vidoa vya rangi vilivyoficha namba, cha Ishihara, Mjapani aliyewatungia watu mtego huu tangu 1917. Kumi na mbili, nane, naziita tu. Ukurasa mmoja sioni kitu. Vidoa vitupu. Nimesoma shule ya msingi Tanzania, sisi hatuachi swali wazi, nikataka kusema "tano". Mungu akanizuia, nikasema sioni. Daktari akaitikia, "Sawa. Hiyo anaiona mwenye kasoro ya rangi." Mtu ningefeli kwa ujuaji!

Masikio wanakufungia kwenye kibanda kimya kama kaburi, unavaa vipokea sauti, ukisikia "tii" unaminya kitufe. Nikasikia mlio. Nikaminya. Ukaja mwingine, mrefu, wa chini. Nikaminya. Daktari akafungua mlango: "Unaminya nini? Sijaanza." Lilikuwa tumbo langu.

Rubani mwenzangu ukiitwa, vaa shati la vifungo, suruali isiyobana na viatu vya kuchopeka tu. Hela uliyotaka kununulia tai, nunua chupi na soksi.

Nimerudi saa tisa. Mjomba yuko barazani, ananisubiri. Hata hakuuliza kama kazi nimepata.

"Suti wameionaje?"

"Mjomba, suti ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu asubuhi."

Akanitazama kwa masikitiko. "Hukuwaambia ni ya Italia?"