Jibu nililompa baba mdogo kuhusu nyumba ya Pasua

Desemba iliyopita, kwenye kikao cha familia huko Uru, baba mdogo aliniuliza mbele ya wazee: nyumba yake ya Pasua, pale Moshi mjini, amwandikie mtoto angali hai au aache mpaka Mungu atakapomwita? Nilimjibu kwa kifupi kwamba asubiri. Jibu lile lilikuwa pungufu, nami sijatulia tangu siku hiyo.

Hoja yake ya kuandika sasa ina uzito. Jirani yake alifariki bila wosia, akaacha watoto wa mama wawili, na hati ina jina la marehemu mpaka leo. Ili jina hilo litoke, familia hukaa kikao, huandika muhtasari na kumpendekeza mtu mmoja. Mtu huyo hupeleka muhtasari na cheti cha kifo mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Kwa kusimuliwa ni safari fupi. Pale kwa jirani pingamizi lilikuja mapema, na kodi ya wapangaji inakusanywa na yule aliyekuwa na funguo siku ya msiba. Naye akiulizwa husema yeye ndiye msimamizi, kana kwamba msimamizi ni mrithi. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Barua ya mahakama haimpi nyumba.

Mzazi aliye hai hujisemea mwenyewe. Anasaini hati ya zawadi mbele ya wakili, kibali kinaombwa ofisi ya ardhi, msajili wa hati anaandika jina jipya, na hakuna binamu atakayekuja kudai kwamba marehemu alimwahidi chumba cha uani. Kwa Waislamu tofauti ni kubwa zaidi: wasia hauvuki theluthi ya mali, na hauwezi kumwongezea mrithi juu ya fungu lake bila warithi wenzake kuridhia, ilhali hiba, yaani zawadi, iliyotolewa na kukabidhiwa kweli, mtoaji akiwa mzima, inasimama.

Halafu kuna mabinti, na hapa ndipo hoja ya baba mdogo inaponigusa zaidi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Namba 436, zinamweka binti daraja la tatu katika urithi, na mjane hana fungu iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao kwa kanuni za namna hiyo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini nani amewahi kuona kikao cha ukoo kikifunguliwa kwa kusomwa sheria? Baba anayetaka binti yake apate kiwanja, na amwandikie sasa.

Kwa nini basi nilisema asubiri?

Kwa sababu zawadi iliyosajiliwa hairudi kwa mzazi kukasirika. Namfahamu mama mmoja, mjane, aliyemwandikia mwanawe nyumba ili amalize mambo mapema. Kijana hakuwa mbaya. Alitaka mtaji, akaweka hati rehani, biashara ikafa, dalali akaja kubandika tangazo la mnada mlangoni mwa mama yake. Watu walimuuliza mama: hukutakiwa kusaini? Hakutakiwa. Sheria ya Ardhi inataka mwenza anayeishi kwenye nyumba ya ndoa aridhie kabla haijawekwa rehani. Kinga hiyo ni ya mwenza. Mama aliyegawa nyumba yake, akabaki kulala chumba kile kile, mbele ya mkopeshaji alikuwa mgeni wa mwanawe tu.

Mtoto akitangulia kufa, nyumba inakuwa mirathi yake, na mzazi anajikuta akisubiri uamuzi wa kikao cha wakwe. Ndoa ya mtoto ikivunjika, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, pamoja na ile aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa kisha ikaendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Kwa hiyo mkwe aliyechangia kuezeka upya na kuongeza vyumba vitatu vya wapangaji ana la kudai, na kwa haki kabisa.

Wapo wanaoandika mauziano ya uongo kwa bei ndogo wakiamini ni njia nyepesi. Mauziano hukaribisha kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza mali, mthamini anaangalia thamani ya soko, na siku ndugu wakifika mahakamani, mkataba usio na ushahidi wa malipo ndio utakaoshambuliwa kwanza. Kama ni zawadi, iandikwe zawadi.

Kihamba cha Uru, shamba la ukoo, ni habari nyingine. Kina makaburi, mipaka yake ni mimea ya masale, na kwa desturi yetu nyumba ya wazazi huangukia kwa kitinda mimba. Sijamshauri baba mdogo aguse hapo, wala hakuuliza.

Nikirudi Pasua, naona sote pale kikaoni tuliruka mtu mmoja. Tulijadili baba na mtoto. Nyumba ile mama mdogo aliijenga pia, kwa fedha za ndizi alizouza Kiboriloni miaka na miaka, na hati ina jina moja tu. Ardhi inapopatikana kwa ajili ya matumizi ya mume na mke, Sheria ya Ardhi inachukulia kwamba ni yao wote, isipokuwa hati yenyewe ioneshe kwamba mmoja wao anaimiliki peke yake. Sheria hiyo hiyo inamtambua mwenza aliyechangia kwa jasho lake, na inamtaka anayehamishiwa ardhi aulize kama mwenza ameridhia. Haki yake ipo, ila kwa hali ilivyo atalazimika kwenda kuithibitisha, pengine akiwa mjane, mbele ya watoto wa shemeji zake. Mimi nikiwemo.

Ndiyo maana sasa nina jibu jingine. Uhamisho wa kwanza uwe wa kumwingiza mama mdogo kwenye hati, wamiliki kwa pamoja bila kutenganisha hisa. Umiliki wa namna hiyo, mmoja akifariki, humwachia aliyebaki nyumba yote. Anapeleka cheti cha kifo kwa msajili, na hakuna kikao kinachogawa kitanda chake. Kiwanja kilichobaki wazi kule Himo ndicho cha kuwaandikia watoto sasa, binti akiwemo, kwa sababu hakuna mzazi anayelala pale. Nyumba ya Pasua iende kwa watoto kwa wosia ulioshuhudiwa vizuri, utakaofanya kazi baada ya wazazi wote wawili, na ambao wanaweza kuubadilisha wakati wowote wakiwa na akili timamu.

Najua njia hii haimalizi kila kitu. Wosia unaweza kupingwa, na watakaorithi baada ya mama mdogo bado watapita mahakamani. Uhamisho wenyewe una gharama: tathmini, ushuru wa stempu, ada ya usajili, na kodi ya pango la ardhi lazima iwe imelipwa kwanza. Baba mdogo anadaiwa pango la miaka kadhaa, na aliniambia hivyo mwenyewe.

Pasaka nitapanda Uru kumpelekea jibu hili. Nitaomba mama mdogo akae nasi kwenye kikao. Desemba, tulipokuwa tunaijadili nyumba yake, alikuwa jikoni.