Kalamu au kompyuta kubwa: mesoni inapotoa fotoni tumwamini nani?

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko chuo kikuu, alirudi Malindi likizo akanikuta barazani. "Mwalimu," akaniuliza, "kuna haja gani ya kukokotoa tabia za mesoni kwa kalamu, na kompyuta kubwa zipo?" Swali lina uzito, nami sikutaka kumjibu kwa haraka.

Tukaanza na mesoni mbili, yaani chembe ndogo zilizoundwa na kwaki na kinyume cha kwaki: D*0 na D*+. Kila moja ina kwaki nzito iitwayo chamu, na mwenzake mwepesi. Zote hutua kwenye hali ya chini ya nishati kwa kutoa payoni (mesoni nyepesi) au fotoni (chembe ya mwanga). Vipimo vinasema D*0 hutoa fotoni karibu mara 35 katika kila 100. D*+ haifikishi hata 2. Ndugu wa tumbo moja, mbona tabia mbali hivi?

Modeli ya kwaki, ndiyo hesabu ya kalamu, inajibu kwa mistari mitatu. Kila kwaki ni kisumaku, na nguvu yake ni chaji kugawanya kwa tungamo. Ndani ya D*0 visumaku viwili vinasaidiana. Ndani ya D*+ vinavutana kinyume, karibu vifutane. Nilimwandikia tungamo kwa chaki sakafuni: chamu gigaelektronivolti 1.5 (kipimo cha tungamo la chembe), kwaki nyepesi 0.33. Jibu likatoka kwamba D*0 hutoa fotoni kwa kasi mara 19 ya mwenzake. Kijana akafurahi. Nikamwambia, sasa kwaki nyepesi ipe 0.40. Mara 19 ikapanda hadi karibu 30.

Hapo ndipo wapinzani wa kalamu wana haki kabisa. Ile 0.33 haikupimwa popote moja kwa moja. Katika milinganyo ya nadharia yenyewe ya nguvu inayofunga kwaki, tungamo la kwaki hiyo ni dogo zaidi ya mara 60. Mwenye modeli anaichagua, na anaweza kuichagua imfae.

Njia ya pili, ile ya kompyuta kubwa, ilifunguliwa na mwanafizikia Kenneth Wilson mwaka 1974. Nafasi na wakati hugawanywa mfano wa wavu: kwaki kwenye mafundo, gluoni, chembe zinazozigandisha kwaki, kwenye nyuzi. Macho ya wavu yakipunguzwa, kosa hupungua, na kiasi cha kosa hutajwa wazi. Uaminifu huo nauheshimu sana. Lakini wavu hukupa namba. Kwamba visumaku vinafutana, hilo hulioni ndani yake mpaka uwe umeshalijua.

Tena kuna kisa cha J/psi, mesoni ya chamu na kinyume chake, ambacho watu wa modeli hawakisahau. Ikitoa fotoni na kuwa eta-c, mwenzake wa hali ya chini, hesabu ya kalamu hutoa kasi ya takriban kiloelektronivolti 2.8 (kasi ya kutoa fotoni huandikwa kwa kipimo cha nishati). Kipimo cha 1986 kilitoa kama 1.2, na kwa miaka modeli ikahesabiwa imeshindwa. Mwaka 2009 kipimo kipya kikapanda hadi karibu 1.8. Mwaka 2012 makundi mawili ya wavu yakapata 2.5 na 2.6, jirani kabisa na kalamu!

Kwetu pwani nina sababu nyingine. Setilaiti Uhuru iliporushwa Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, hapa Ngomeni, chombo kilikuwa cha Wamarekani na jukwaa la Waitaliano; sisi tulitoa bahari na jina. Kompyuta kubwa nazo zina wenyewe. Kalamu kijana wa Malindi anaishika leo hii, na kwa hiyo ningemtaka aanzie hapo, kisha abishe hodi kwa watu wa wavu akiwa anajua anachokitafuta.

Sharti nililompa ni moja: kwenye tasnifu yake aweke hesabu zote mbili, ya 0.33 na ya 0.40, kwenye jedwali moja.